Dirisha Jeusi la Anti Ayikoru

Nilimjua kwa mkono wa kushoto. Uso sikuuona, maana alikaa akinipa mgongo, na sauti hakuwa ameitoa zaidi ya kunong'ona na msichana wangu wa kaunta kwamba anataka mashine ya kuandikia CV. Ilikuwa wiki iliyopita asubuhi, hapa dukani kwangu mtaa wa Buluk, Juba, nami nilikuwa nagombana na printa kama ilivyo desturi yetu. Yule mama alivuta kiti, akaitazama mausi yangu mpya isiyo na waya, nzuri, yenye taa ndogo ya buluu, akaisukuma kando kwa kiganja kama mtu anayeondoa sahani ya mwenzake mezani. Kisha akaanza kuandika. Kila akifika mwisho wa sentensi, kidole chake kidogo cha kushoto kinashuka kwenye Ctrl na mwenzake anagusa S: tak-tak. Sentensi nyingine, tak-tak. Niliiacha printa na karatasi mdomoni. Siku hizi tuna sola juu ya paa na betri chini ya meza, hakuna tena anayehifadhi kazi kwa wasiwasi ule isipokuwa aliyefunzwa na jenereta. Na mwenye kidole kile, mtindo ule, katika Juba nzima nilimjua mmoja tu, na huyo nilikuwa nimeshamlilia miaka mingi iliyopita.

Sikumwendea. Nilitoka nje nikakaa kwenye kibenchi cha mama wa chai, nikaomba chai ya tangawizi nikashindwa kuinywa. Mama wa chai akaniuliza, "Keji, kef, vipi? Umeona shetani?" Nikamwambia hapana, nadhani nimeona mtu. Watu husema milima haikutani lakini binadamu hukutana, na mimi siku zote nimeona ni maneno ya kufarijiana tu, ya kumwambia aliyefiwa asubuhi. Pale kwenye benchi nilianza kuomba iwe kweli. Na huku naomba, mwaka ule wote ukanirudia, mwaka wa kontena la Jebel, kwa joto lake na harufu yake na kelele zake zote.

Nilikuwa msichana mwembamba mwenye ulimi mrefu. Nilikuwa nimerudi kutoka Kitale na cheti cha sekondari na Kiswahili cha shule, nikidhani Juba inanisubiri. Juba haikuwa inamsubiri mtu. Aliyenipokea ni Anti Ayikoru, mwanamke wa Arua kule Uganda, aliyekuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi ndani ya kontena pale soko la Jebel, chini ya mlima. Kontena lilikatwa dirisha kwa moto wa welding, na kingo zake hazikupigwa tupa, kwa hiyo kila mfanyakazi alikuwa na alama yake mkononi. Ndani kulikuwa na kompyuta kuukuu, printa yenye kikohozi, na ukuta wa plaiwudi uliotutenga na kinyozi. Upande wa mlango alikaa Kevo, Mkenya wa kutengeneza simu, kijana wa maneno mengi kuliko simu alizoponya. Mchana tulikula ful, maharage ya kuponda, kwenye bakuli moja, kitunguu na mafuta ya simsim juu, mkate unapita mkono kwa mkono. Anti akiwa na furaha alipika asida, ugali wetu, na kombo, mchuzi wa karanga, kwenye jiko la makaa nyuma ya kontena, na harufu ya karanga ikaingia mpaka kwenye karatasi. Kuna wateja waliokuwa wananusa barua zao kabla ya kuzikunja.

Siku ya kwanza aliniweka mbele ya kompyuta, nami nikashika mausi kwa madaha. Nilikuwa nimesoma kompyuta, bwana! Alinipiga kofi dogo la mkono. "Wewe Keji, mkono yako iko wapi? Hiyo mausi ni ya wageni. Wewe si mgeni." Vumbi la Jebel lilikuwa linaua mausi kama nzi, na Anti alikuwa ameapa kwamba hatanunua nyingine. Basi akachukua hiyo iliyobaki akaifungia kwenye droo. Nililia machozi ya hasira, na upande wa pili wa plaiwudi nikamsikia kinyozi akimwambia mteja wake, "Yule mama Mganda anaua mtoto wa watu." Wiki ile nilimchukia. Nilijifunza kufungua, kufunga, kuruka kutoka barua hadi barua kwa Alt na Tab, kuchagua ukurasa mzima kwa Ctrl na A, yote bila kushika kitu kingine zaidi ya herufi. Ctrl na Z aliniambia ni msamaha: umekosea, omba msamaha, rudi. Kinyozi, ambaye masikio yake yalikuwa dukani kwetu kuliko kwake, akapaza sauti, "Laiti ndoa ingekuwa na hiyo Ctrl Z!" Anti akamjibu, "Ingekuwa nayo, bibi yako angekuwa amesharudi kwa baba yake." Tulicheka hadi kopi zikatoka kombokombo.

Lakini cha kwanza kuliko vyote kilikuwa kuhifadhi. Jenereta letu lilikuwa na tabia: kabla ya kuzima lilikohoa mara moja, likavuta pumzi, halafu kimya. Kati ya kikohozi na kimya ndipo kazi ya mtu ilipookolewa au ilipopotea. Likikohoa tu, sote tunapiga Ctrl na S kwa pamoja kama kwaya iliyoonyeshwa fimbo, na Anti anaitikia, "Bwana asifiwe!" Hata leo nikiwa kanisani, mtu akikohoa nyuma yangu, kidole kinashtuka. Mume wangu ananicheka. Na acheke, yeye hakukaa kontenani.

Na kulikuwa na desturi ya wateja, ambayo nisipoieleza hutaelewa kilichokuja kutupata. Watu wa Juba hawaachi maneno yao kwa mtu. Wametoka katika nyakati ambazo karatasi moja ingeweza kumpeleka mtu asikorudi. Kwa hiyo ukimaliza kumchapia, mteja haondoki. Anasimama nyuma yako, anapumua shingoni, anasema, "Futa mbele yangu nione." Hapo unabonyeza Shift na Delete, ile ya kufuta moja kwa moja, isiyopitia kwenye pipa la taka, isiyo na msamaha. Unamwonyesha folda iko tupu, naye anavuta flashi yake, anaitia mfukoni au ndani ya sidiria, anaenda zake na roho safi. Kazi ya kila mtu iliishi mahali pamoja tu, kwenye hako kaplastiki. Hatukuona ubaya. Ndiyo ilikuwa heshima ya duka, na Anti alijivunia kwamba hakuna siri ya mtu iliyolala kontenani kwake.

Mzee Wani alikuwa mteja wa Jumamosi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mrefu, mwenye koti la suti hata jua likichoma mabati. Macho yake yalishakataa kuandika, lakini kichwani alikuwa na hadithi za Kibari, lugha ya kwetu, na nyimbo ambazo bibi zetu waliimba wakisaga mtama, na alitaka ziwe kitabu cha kusomea watoto. Anti hakujua Kibari, Kevo ndiyo kabisa. Kwa hiyo mzee alikuwa wangu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akafumba macho, akasimulia, nami nikaandika. Fisi aliyekwenda kuposa akiwa amevaa ngozi ya mkwe wake. Msichana aliyekataa kucheka mpaka mvua ikaona haya ikanyesha. Akifika kwenye wimbo alikuwa anaimba kweli, na kinyozi upande wa pili anazima mashine yake. Nilikuwa nimeishi ugenini muda mrefu, Kibari changu kilikuwa cha kuombea chakula tu, na Jumamosi hizo ndizo zilizonirudishia lugha yangu. Mzee akimaliza alisema kama wengine, "Futa nione, binti yangu," nami nafuta, naye anaivaa flashi shingoni pamoja na rozari.

Kadiri mwaka ulivyosogea, sauti yake ilipungua. Ilianza kama mafua, ikawa mkwaruzo, ikawa mnong'ono. Ilikuwa uvimbe kooni. Madaktari wa Kampala walimwambia watamkata, ataishi, lakini sauti hataipata tena. Alituambia hayo akitabasamu, akigonga flashi kwenye kifua chake. "Sauti wachukue. Iko hapa." Anti alikwenda nyuma ya kontena akajifanya anapuliza makaa.

Siku aliyokuja kuchapisha kitabu kizima, basi lake la Kampala lilikuwa la kesho yake alfajiri. Anti alikuwa Arua kwenye matanga ya shangazi yake. Nilichomeka flashi. Nikafungua. Hamna kitu! Ukurasa mweupe, na kamshale kamoja ka ajabu kenye jina la flashi yenyewe. Nikafunga, nikafungua tena. Mzee aliniambia kwa ule mnong'ono wake kwamba juzi alikuwa ameipeleka kwenye ofisi fulani mjini ili rafiki yake asome mwanzo tu. Hapo nikajua imeumwa huko. Nilifanya kosa la kumtazama usoni, naye akaelewa. Alijaribu kusema kitu, koo likagoma. Alishika rozari isiyo na flashi, akaangalia miguu yake.

Kevo akaja akachungulia. "Hii imeisha, buda. Ni virus. Tupige format iwe safi, halafu mzee aanze upya." Aanze upya! Kwa sauti gani? Nikageuka kumjibu, kumbe ameshatoa ile mausi ya droo, ameshafungua kidirisha cha format, mshale uko njiani kwenda kwenye Start. Wallahi sikufikiri. Mkono wa kushoto uliruka wenyewe ukapiga Esc, na kile kidirisha kikafutika usoni pake. "Ukiigusa tena hiyo flashi," nikamwambia, "nitakukata hiyo mikono nikuuzie." Akarudi nyuma. Alikuwa na nia njema, maskini. Fomati ilikuwa dawa yake ya kila kitu, kama vile wengine wanavyotoa panadoli.

Nikakumbuka alichoniambia Anti siku moja tunakula: "Macho ya kompyuta ni mwongo. Wewe pima kilo. Kitu tupu hapana na uzito." Nikachagua flashi, nikabonyeza Alt na Enter, kidirisha cha sifa zake kikafunguka, na pale kwenye kaduara ka rangi nikaona kwamba nafasi imetumika. Kuna kitu ndani! Kimefichwa tu! Nilipiga kelele, kinyozi akaja na wembe mkononi. Nikampigia Anti simu. Ikaita, akapokea, watu wanalia nyuma yake. Nikasema haraka haraka. Akasema, "Ah, hiyo! Dirisha nyeusi, Keji. Kumbuka ile wimbo yangu. Toa hofu..." na mtandao ukakatika. Nikapiga tena, ikaniambia mteja hapatikani.

Dirisha jeusi lilikuwa jambo nililoliogopa. Anti alikuwa amenionyesha: unashika kitufe cha Windows na R, unaandika cmd, Enter, na skrini ndogo nyeusi inatokea, haina picha, haina kitufe cha kubofya, ina kamstari tu kanachopepesa kakikungoja useme. Kule ukikosea herufi hakuna Ctrl na Z. Unaiambia futa, inafuta. Amri ya kufichua aliifanyia wimbo kwa sababu kichwa changu kilikuwa kinaikataa. Ile alama ya kutoa katika hesabu ni "toa", na herufi tatu zinafuata: h ni hofu, r ni roho mbaya, s ni shaka. Toa hofu, toa roho mbaya, toa shaka. Halafu mistari miwili iliyoinama, s na d, ili iingie kwenye kila chumba cha ndani. Na kabla ya yote, ingia kwanza kwenye mlango wa flashi yenyewe, uhakikishe ni herufi gani, usije ukahubiri nyumba ya jirani.

Nikaangalia: E. Nikaandika E na nukta mbili, Enter. Nikaingia. Nikaanza: attrib -h -r... Na jenereta likakohoa.

Kevo alitupa mausi, akatoka mbio, na nikasikia chuma kinaburutwa. Alikuwa amelikumbatia jenereta lile la moto, amelilaza kwa ubavu ili tone la mwisho la petroli lifike kwenye koo lake. "Andika! Andika, Keji, inaniunguza!" Likavuta pumzi, likasita, likashika tena. Nikamaliza: -s /s /d, nyota, nukta, nyota. Nikasoma herufi moja moja kwa sauti, kinyozi anaitikia kama mtu wa ibada. Enter.

Hamna kitu. Kamstari kalishuka chini kakaanza kupepesa tena, kimya. Hakuna "asante", hakuna "imekubali". Nilijua nimeshindwa, nikasikia machozi yananipanda. Kisha nikasikia sauti ya Anti kichwani, wazi kabisa: "Dirisha nyeusi ikiwa na shida inasema. Ikinyamaza, imefanya." Nikarudi kwenye ule ukurasa mweupe, nikabonyeza F5 ili ujitazame upya.

Zilirudi. Zote. Folda zilitokea kwa unyonge, rangi yake hafifu kwanza, halafu njano kamili: Fisi, Msichana wa Mvua, Nyimbo za Kusaga, kwa majina niliyoyaandika mimi mwenyewe Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilifungua moja, maneno yalikuwepo. Nyingine, yalikuwepo. Nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja, nikapiga Ctrl na P, na printa yetu yenye kikohozi, Mungu aibariki, ilichapa kurasa zote bila kutafuna hata moja. Kevo aliingia na malengelenge mikononi akikenua meno. Mzee Wani alichukua ukurasa wa kwanza ungali na joto, akauweka shavuni. Kisha akanirudishia, akanionyesha kwa kidole: soma. Nikasoma kwa sauti hadithi ya fisi, kwa Kibari, na midomo yake ikaenda pamoja na yangu. Nilipofika kwenye wimbo, nikaimba mimi.

Nilipomaliza, mkono wangu ulikwenda kwenye Shift na Delete kwa mazoea, maana nilikuwa nimekwisha kunakili kazi yote kwenye mashine ili iwe salama. Mzee akaufunika mkono wangu kwa wake. Akatikisa kichwa. Akainama hadi sikioni kwangu, na hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kwenye koo lake: "Kalas, basi. Wacha ikae."

Alikatwa, akapona, akarudi bila sauti na mwenye afya, akaishi miaka kadhaa akikaa nyuma ya darasa watoto wakisoma kitabu chake. Mwaka ule uliisha hivyo, kwa ahueni. Anti aliporudi nilimsimulia, akanifanya nirudie mara nyingi, na kila nikifika kwenye Esc anapiga paja. Miaka iliyofuata unaijua, ilikuwa ya vita. Siku mapigano yalipofika Jebel, mimi nilikuwa kanisani upande wa pili wa mji. Niliporudi, kontena lilikuwa wazi, limeporwa kila kitu, hata plaiwudi imeng'olewa. Simu ya Anti haikupatikana. Niliuliza kwa Waganda wa sokoni, kwa madereva wa malori, kwa watu wa Arua. Wengine walisema alivuka, wengine walisema lori fulani halikufika. Nilipiga ile namba mpaka akapewa mtu mwingine, mwanamume wa Yei, aliyeniomba kwa upole niache. Nikaacha. Nikamlilia.

Chai ilikuwa imepoa. Nikaomba glasi nyingine mbili, nikaingia nazo dukani, nikasimama nyuma yake. Shingo ilikuwa yake, na alama ya dirisha la kontena ilikuwa pale pale kwenye kiwiko. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea. Nikasema tu, kwa Kiswahili chake, "Mkono yako iko wapi?"

Vidole vikasimama juu ya herufi. Hakugeuka mara moja. "Mimi najua hiyo sauti," akasema polepole. "Lakini hiyo sauti ilikuwa ya msichana mwembamba." Ndipo akageuka. Mama yangu! Chai yote ilimwagika kwenye kanga yake na hakuna aliyejali. Wateja walidhani tumefiwa. Alikuwa amevuka mpaka wa Nimule juu ya magunia ya lori, simu ikabaki Juba na namba zote ndani yake, naye alikuwa ameambiwa kanisa letu liliungua na watu wake. Kumbe naye alikuwa amenililia! Tulikuwa tumefanyiana matanga, kila mtu upande wake wa mpaka. Tulipolielewa hilo tulianza kucheka na hatukuweza kuacha.

Alimaliza CV yake, kwa sababu Anti Ayikoru haachi kazi nusu. Nikamchapia. Halafu, kwa ile tabia ya zamani, akasimama nyuma yangu, akapumua shingoni, akasema, "Haya. Futa mbele yangu nione."

Nikabonyeza Ctrl na S, kwa nguvu, asikie.

"Wacha ikae, Anti," nikamwambia. "Na wewe ukae."